Kitanda Mlangoni mwa Bweni

Migori,
3 Februari 2025

Kwa Mama Mkwe wangu, Mama Beverly,

Pokea salamu zetu sote. Wesley ameota jino la mbele na anataka bibi yake alione kabla halijachakaa.

Mama, nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yako hunifunga ulimi, na Beverly amechoka kuwa mdomo wangu. Barua hii nimempa Onyango wa vifurushi, ataiacha langoni mwa shule. Natumaini lile blanketi jekundu nililokuletea siku ya mahari bado linakupa joto. Nasikia bonde la Lambwe lina baridi ya asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi ya elimu imeamua kwamba sisi maafisa wa ubora wa Migori tukague shule za Homa Bay, na wa huko waje kwetu, ili mtu asikague shule ya shemeji yake. Mimi basi nimepangiwa bondeni kwenu, na shule ya wasichana unayofanyia kazi imo. Nimeepushwa na mashemeji, nikatupwa kwa mama mkwe! Nilitaka kumweleza mkubwa wangu, Bi. Susana, lakini ningeanzia wapi mbele ya ofisi nzima? Nikanyamaza.

Shule yenu imepanda kwenye mtihani wa taifa, na imeomba kuongeza wasichana wa bweni. Ikipata daraja zuri itaruhusiwa. Kwa hiyo si ziara ya kunywa chai tu.

Kinachonitoa jasho si walimu wala maabara, ni wewe. Sisi Wakuria na nyinyi Waluo tunabishana mengi, lakini kwa mama mkwe tunakubaliana: mtu hapiti mbele yake ovyo, hachungulii sufuria yake, na kitanda chake hakioni mpaka kufa. Sasa wewe ndiye matroni, na bweni liko mikononi mwako. Nielekeze tutapitanaje siku hiyo, nisikuvunjie heshima mbele ya wanafunzi.

Wako kwa adabu,
Mniko


Lambwe,
9 Februari 2025

Baba Wesley, mkwe wangu,

Yawa! Unaandika kama mtu anayeandikia serikali. Lakini afadhali kalamu yako kuliko mdomo wako. Siku ya mahari ulisalimia viatu vyangu, mimi mwenyewe hukunisalimia hadi leo.

Huyo mjukuu mwambie jino alitunze, nitalikuta. Blanketi lipo na linafanya kazi yake.

Kuhusu siku ya ukaguzi usijipe taabu. Chumba changu ndicho mlango wa bweni. Walikijenga hivyo ili msichana asitoke bila mimi kumwona, kwa hiyo anayeingia bwenini lazima apite kando ya kitanda changu. Njia nyingine hakuna. Nami siku hiyo sitakuwepo. Nimeomba ruhusa niende nyumbani Kisegi nikaangalie shamba. Nimetundika pazia mbele ya kitanda, na mlango utaukuta wazi.

Bi. Pamela, mwalimu mkuu, ni mwanamke mwema. Alinipa kazi hii nilipofiwa na baba yake Beverly, wakati wengine walikuwa wananipa pole tu. Mimi si mtu wa kusema vibaya nyumba inayonilisha. Lakini wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ni mkaguzi. Kagua.

Oriti,
Mama yako, Phelesia


Migori,
21 Februari 2025

Mama,

Nimerudi salama, na nina furaha mpaka Beverly ananiuliza nimekula nini.

Shule yenu ni shule kweli. Nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha tatu wakati Mwalimu Nicanor anafundisha kemia, na wasichana walimuuliza maswali ambayo mimi na digrii yangu niliinamisha kichwa nisiulizwe. Vitabu vimefunikwa vizuri, vyoo vinanukia dawa, hata mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Mwenzangu alikagua maabara na stoo, mimi nikabaki na madarasa na bweni.

Tulipofika bwenini, Bi. Pamela alikuwa mbele yangu, na nadhani alikuwa na wasiwasi, kwa maana alikuwa akizungumza bila kupumua. Mlango ulikuwa wazi kama ulivyoniambia. Upepo ukainua pazia, nikaona mguu wa kitanda. Mama, miguu yangu iligeuka yenyewe! Nikamwambia Bi. Pamela kwamba hapo nimeridhika. Akashusha pumzi, akasema, "Sawa mwalimu, basi karibu chai." Kwenye sehemu ya bweni nikaandika "linaridhisha", kwa sababu bweni lililo chini yako haliwezi kuwa vinginevyo.

Shule imepata daraja la Nzuri Sana. Methali yako ya kunguni imetuchekesha hapa nyumbani, Beverly peke yake ndiye hakucheka. Nikajua ulikuwa unanionya nisije nikakaribia kitanda, na uliondoka ili kunirahisishia. Ndivyo wazazi wenye heshima wanavyofanya. Niliondoka bondeni nikijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Homa Bay.

Mwanao,
Mniko


Lambwe,
30 Machi 2025

Baba Wesley,

Barua yako nimekaa nayo tangu Februari. Kila nikishika kalamu naona haya, naiweka chini. Leo haya nimeziweka kando kwa sababu kuna mtoto hospitalini.

Mimi niliondoka ili uingie. Umenisikia? Sikuondoka ili kukukwepa. Niliondoka, nikatundika pazia, nikaacha mlango wazi, ili usipate kisingizio cha kusimama nje. Nawe ukasimama nje.

Ungepita pazia lile ungeona. Bweni hili lilikuwa ghala la pamba zamani. Madirisha yamezibwa kwa mabati. Mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo, na mbele yake tumepanga vitanda kwa kukosa nafasi. Moto ukiwaka, wote watatokea juu ya kitanda changu. Wasichana wanalala wawili wawili, wengine sakafuni. Upande wa ukutani paa linavuja, na mvua ya Machi wewe unaijua.

Utauliza kwa nini sikukuandikia wazi. Mama mkwe akimwambia mkwe wake kwamba paa linavuja juu yake, si ni kuomba huko? Watu watasema nimekula mahari na sasa natafuta nyumba. Na Bi. Pamela nilimwogopa, na nilimhurumia pia. Kwa hiyo nikatuma methali. Mwanamke mzima, nina watoto wa watu mkononi, natuma methali!

Siku ya wazazi Bi. Pamela alisoma ripoti yako kwa kipaza sauti. Wakapiga vigelegele. Wiki iliyofuata bibi mmoja alivuka kutoka kisiwa cha Takawiri na mjukuu wake, Dorine, mtoto mwembamba mwenye akili za kutisha. Bibi aliniambia, "Nimesikia serikali imekagua hapa, ikasema ni pazuri. Sasa nitalala usingizi." Nikaitikia. Dorine akapata nafasi sakafuni, upande wa ukutani, kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Godoro lake lilikunywa maji mvua ya kwanza tu. Akaanza kukohoa, nasi tukasema ni mafua. Sasa yuko hospitali ya Homa Bay, amewekewa mipira puani, daktari anasema ni mapafu.

Wuololo, mkwe wangu! Tumeheshimiana juu ya mgongo wa mtoto wa watu.

Shule ikifunguliwa mwisho wa Aprili wanaleta wengine, bwenini mle mle. Bi. Pamela ana ruhusa, na ruhusa ina sahihi yako. Mimi nimesema yangu kwake, akanijibu, "Matroni, kwani wewe unajua kuliko mkaguzi?" Wewe ndiye uliyeandika. Ufute wewe.

Phelesia


Migori,
11 Aprili 2025

Mama,

Onyango anapiga honi hapo nje, kwa hiyo naandika mbiombio.

Barua yako Mniko aliisoma amesimama, halafu akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akaniuliza, "Bev, wewe ulijua?" Nikamwambia nilijua paa linavuja, na kwamba uliniapisha nisimwambie. Akasema, "Kumbe hata wewe." Hilo tu. Mama, ningepigiwa kelele ningefurahi zaidi. Tuko watatu tuliojua kunyamaza, na mmoja wetu ana muhuri.

Jumatano alienda kwa Bi. Susana. Kumbe mlango wa ofisi ulikuwa wazi na watu wanasikia. Akaulizwa, "Kwa nini hukuingia bwenini?" Akasema, "Kulikuwa na kitanda cha mama mkwe wangu." Walicheka huko nje! Sasa wakati wa chakula wanamuuliza kama kiti anachokalia si cha mama mkwe. Anacheka nao. Akifika nyumbani hacheki.

Bi. Susana hakucheka. Alimwambia, "Mimi pia nina wakwe, Mniko. Ungesema mapema ningempanga mwingine, basi." Ameiandikia shule isipokee wasichana wapya, lakini Bi. Pamela amejibu kwamba ripoti ya kwanza ina muhuri na hiyo barua yake ni barua tu. Kwa hiyo watakuja wenyewe siku ya kufungua shule. Na Bi. Susana amesema ripoti hufutwa na aliyeitia sahihi, kwa hiyo Mniko ndiye atakayeingia wa kwanza, kwa miguu yake, aandike anachokiona. Akishindwa, basi ripoti ya kwanza inabaki hadi mwaka ujao.

Mama, namjua mume wangu. Atafika kwenye ule mlango akauke. Anataka kuingia, lakini amelelewa hivyo tangu anyonye. Mimi siwezi kumsaidia nikiwa huku. Wewe fanya unalojua.

Beverly wako


Migori,
30 Aprili 2025

Mama,

Wewe ulikuwepo na uliona yote. Naandika hata hivyo, kwa sababu pale nje sikuweza kukuambia neno.

Tulipoingia langoni, uwanja ulikuwa umejaa wazazi na wasichana wapya na masanduku yao ya bati. Nilikuwa nimejipanga moyoni njia nzima, nikisema nitafumba macho nipite. Halafu nikaona kitanda. Kitanda cha chuma, chini ya bendera, juani, mguu mmoja umeshikizwa kwa tofali. Watu walikuwa wamekiachia nafasi kubwa, kama wanavyoachia msiba. Nikajua ni chako kabla sijakuona wewe.

Ulikuwa umesimama kando yake na koti lako la kazi, unatazama chini. Mzee mmoja alisema jambo kwa Dholuo, na Mwalimu Nicanor alikataa kunitafsiria. Bi. Pamela alikusihi kwa sauti ya chini, "Matroni, tafadhali, rudisha hii kitu ndani, watu wanaona." Ukamjibu, "Wacha waone." Kisha ukaniambia mimi, "Chumba sasa hakina kitanda. Pita." Tangu nimwoe binti yako, hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyoniambia uso kwa uso.

Mama, nilikiangalia. Sikufumba macho. Hakikuwa na godoro. Kulikuwa na magunia mawili ya mahindi na kipande cha katoni. Ndicho hicho nilichokikimbia Februari kwa heshima kubwa, nikarudi nyumbani kujisifu.

Niliingia. Mnyororo niliushika kwa mkono, una kutu, na kufuli lake mwenye ufunguo hakupatikana. Nilihesabu vitanda nikaacha, nikahesabu magodoro yaliyo sakafuni. Ukutani maji yamechora hadi usawa wa goti langu. Hewa ya mle ndani ilinifanya nitoke nikohoe, na mimi nilikaa muda mfupi tu. Niliandika yote, na chini yake nikaandika kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa ya uongo, na kwamba uongo ni wangu.

Bi. Susana alifunga bweni palepale. Bi. Pamela akalia, akasema, "Nikiwarudisha nyumbani, nani atawalinda njiani? Nyinyi? Wa bodaboda wanawangoja hapo barabarani na chipsi. Wakilala vibaya hapa, angalau wanaamka wanasoma." Mama mmoja aliyekuwa anafunga tena sanduku la binti yake aliniuliza, "Si wewe ndiye ulisema hapa ni pazuri sana?" Nikasema ni mimi. Akamwita binti yake wakaenda.

Kazi ya ukaguzi nimeondolewa, napanga mafaili. Sawa tu. Nataka nikununulie godoro, nimpe Beverly alilete, maana mimi siwezi kukupa kitu cha kulalia. Unaona? Hata sasa nafikiria hivyo.

Blanketi jekundu sikuliona kitandani. Sina haki ya kuuliza. Na habari za Dorine sijauliza kwa mtu yeyote, kwa sababu naogopa.

Mniko


Lambwe,
11 Mei 2025

Baba Wesley,

Godoro usilete. Langu lipo, analilalia msichana mmoja wa kidato cha nne mwenye mgongo mbaya. Wa kidato cha nne tunalala nao ukumbini, kuna milango miwili na yote inafunguka. Wa vidato vingine wanatoka nyumbani. Wawili hawajarudi, na watu wanasema mmoja ameonekana Mbita na mwanamume. Bi. Pamela ameniambia jina lake, halafu hajanisalimia tena. Simlaumu. Wewe na yeye mmenipa kitu cha kufikiria ninapopika uji.

Kitanda bado kiko chini ya bendera. Nimekataa kukirudisha mpaka paa litengenezwe, kwa hiyo bodi ya shule inakutana ikikiangalia dirishani. Juzi wameleta fundi kupima mabati. Sokoni naitwa mwanamke aliyemwonyesha mkwe wake kitanda. Kuna mmoja aliniuliza kama nitakuonyesha na sufuria. Nilicheka, lakini nikarudi bila kununua omena niliyoifuata. Haya ninazo, mkwe wangu, sitakudanganya kwamba zimeisha. Nilizaliwa nazo kama wewe.

Umeogopa kuuliza habari za Dorine, basi nitakuambia bila kuulizwa. Hakufa. Wamemtoa hospitali, lakini pafu moja limeharibika, na daktari amesema asisome mwaka huu. Akitembea kutoka nyumbani hadi majini anakaa chini apumzike. Bibi yake alikuja wiki iliyopita kuchukua sanduku. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikaa kwenye kitanda changu pale juani, maana hapakuwa na kiti, akaniuliza swali moja tu: "Yule mtu aliyesema hapa ni pazuri, ni mtu wa wapi?"

Ningeweza kusema ni mtu wa serikali. Ningeweza kusema ni mtu wa Migori, simjui. Nikamwambia, "Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Beverly. Na mimi nilikuwa najua, nikanyamaza." Akatikisa kichwa, akabeba sanduku. Nikambebea upande mmoja hadi barabarani.

Mimi nimeshasema yangu mbele yake. Yako bado. Usimwandikie, hajui kusoma, na mambo haya tumeyaandika vya kutosha. Nenda Takawiri. Nyumba yake ni ya kwanza ukishuka, ina mlango wa buluu. Blanketi ulilolitafuta utalikuta huko, ndilo nililomfunika Dorine siku tuliyompeleka hospitali, na bado anajifunika nalo hata mchana.

Bibi atakuambia karibu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Dorine atakuwa amelala pale ndani, mtoto wa kike, kitandani. Najua miguu yako itataka kugeuka.

Usisimame mlangoni. Ingia.

Mama yako,
Phelesia